Jengo limeandikwa 1989, kigae chake kimeandikwa 1865, na mtaa mzima unasema ni la Mjerumani. Tuamini lipi?

#1 Kitasa
Wakuu, salaam. Kuna jengo la ghorofa moja Dar, Uhindini, upande wa Kisutu. Chini maduka, juu watu wanaishi, roshani ya chuma kwa mbele, kuta nene hadi mtu anakaa dirishani akakunja miguu. Kuanzia muuza kahawa hadi mlinzi wote watakwambia hilo ni jengo la Mjerumani.

Tatizo ni maandishi. Juu kabisa, kwenye ukuta unaoficha paa, kuna mstari wa herufi za Kihindi na chini yake namba 1989. Mbele ya namba palikuwa na herufi, imezibwa na rangi. Bibi yangu aliingia mjini kabla ya Uhuru na anaapa alilikuta, alikuwa akinunua kanga duka la pembeni. Sasa juzijuzi fundi alikuwa anabadilisha vigae, nikaokota kipande: kimepigwa muhuri Basel Mission, Mangalore, 1865.

Namba mbili, zimepishana zaidi ya karne, na Mjerumani simuoni kwenye yoyote. Jirani wameshazungushia mabati, najua kinachofuata. Wenye kujua, jengo linachunguzwaje?

#2 Jogoo la Shamba
Picha mkuu. Bila picha hii ni chai ya rangi.

#3 Kitasa
Wanaishi watu pale, siweki. Anayetaka nitamtumia pembeni.

#4 Mzee wa Gerezani
Kijana, usihangaike. Nimekulia mji huu. Ukuta wa namna hiyo hakuna aliyeujenga zaidi ya Mjerumani. Mwingereza alikuwa bahili, Mhindi alijenga cha kupangisha. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni la nani? La Mjerumani. Ikulu je? La Mjerumani. Ukuta mnene, mchezo umekwisha.

#5 Mwanaardhi
Mzee wangu shikamoo, lakini hiyo mifano miwili inakugeuka. Boma la Kale lilijengwa miaka ya 1866 na 1867, enzi za Sultan Majid, nyumba ya wageni wake. Mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko, milango ya nakshi kutoka Unguja. Mjerumani alilikuta limesimama, akaingia akafanya ofisi. Atiman House jirani yake ni ya enzi hizohizo za Majid, Mapadri Weupe waliinunua 1922.

Ikulu ndiyo kabisa. Jumba la gavana wa Kijerumani lilipigwa mizinga na manowari za Waingereza 1914. Hilo mnaloliona leo Waingereza walilijenga upya juu ya mabaki, likamalizika 1922, mchoraji John Sinclair. Hayo matao ya Kiarabu mnayoyaona kwenye picha ni ladha yake.

Kwa hiyo ukuta mnene ni ushahidi wa matumbawe na chokaa tu. Jiwe la namna hiyo halijengeki jembamba, awe amelijenga Mwarabu, Mhindi au Mjerumani.

#6 Ng'ambo Asilia
Sinclair huyo mlikopeshwa na sisi. Alikuwa Unguja, ndiye aliyechora Jumba la Amani la makumbusho pale Mnazi Mmoja, 1925. Nasema Mnazi Mmoja wa Unguja, ule wenu mtajijua wenyewe.

#7 Jogoo la Shamba
Wazenji bwana. Uzi wa Kisutu umeshavuka maji.

#8 Fundi Chokaa
Nimefanya ukarabati wa majengo kadhaa katikati ya mji, nichangie upande wangu.

Kitasa, kigae hicho kisikutishe. 1865 ni mwaka kiwanda chao kilipoanza, wao waliupiga kwenye kigae kama nembo. Nimeshavishika vingi, kila kimoja 1865. Kigae kilichotoka tanuri miaka arobaini baadaye nacho kimeandikwa 1865. Ukisema jengo ni la 1865 kwa ajili ya kigae hicho utachekwa.

Ila kina faida nyingine. Jina Basel Mission lenyewe linakupa kikomo. Ilikuwa misheni ya Uswisi yenye Wajerumani wengi ndani yake, vita ya kwanza ilipokuja Waingereza wakavichukua viwanda vyao India, baadaye vikaendeshwa kwa jina la Commonwealth Trust. Kigae chenye jina la misheni kwa kawaida ni cha kabla ya misukosuko hiyo. Kwa hiyo kigae chako kina uwezekano mkubwa kimetengenezwa kabla ya 1914 au karibu na hapo.

#9 Mzee wa Gerezani
Kabla ya 1914 nani alikuwa anatawala hapa? Naomba jibu la neno moja.

#10 Fundi Chokaa
Mzee, nimesema kigae, sijasema jengo. Vigae vya Mangalore vinashushwa na kupandishwa. Nyumba ikibomolewa, vigae vizima vinauzwa, vinakwenda kufunika nyingine. Mpaka leo kuna watu wanavitafuta kwa hela nzuri.

#11 Dalali Msomi
Mnazunguka mbuyu. Mwaka ni 1989, umeandikwa na unasomeka. Majengo mengi pale yalitaifishwa 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba. Karibu na muunganiko palipakwa rangi, fundi akaandika mwaka wa ukarabati. Kazi imekwisha. Bibi aliliona jengo, 1989 likakarabatiwa. Wote wako sahihi.

#12 Bi Tausi
Dalali, hapo kuna kitu hakijakaa. Serikali ikarabati jengo halafu iandike kwa Kihindi? Miaka hiyo hata sementi ilikuwa shida, nani angepanda juu kuandika mapambo?

#13 Jogoo la Shamba
😂😂 Dalali amekaa kimya, anatafuta mteja wa hoja.

#14 Kisutu Mpaka Toronto
Ndugu zangu, habari zenu. Nimezaliwa hapohapo Kisutu, wazazi waliondoka miaka ya sabini, sasa tuko Kanada. Kitasa, hiyo 1989 nadhani naijua.

Wahindu wa Gujarat wana hesabu yao ya miaka, Vikram Samvat. Iko mbele ya hii ya kawaida kwa miaka 56 au 57, inategemea ni kabla au baada ya Diwali, maana kwa Wagujarati mwaka unaanza baada ya Diwali. Samvat 1989 ilianza mwishoni mwa 1932 ikaishia vuli ya 1933. Hiyo herufi iliyozibwa na rangi, nina hakika kubwa ni kifupi cha Samvat. Baba alikuwa akitutania, tunapita mtaani anasema, "Hili jengo linatoka siku zijazo."

Angalieni majengo mengine: yapo yenye mwaka wa kawaida, yapo yenye Samvat, na ya Waislamu utakuta mwaka wa Hijria. 1350 ya Hijria ni 1931 kuingia 1932. Mtu asiyejua akiona 1350 atasema Wareno hawajafika.

#15 Kitasa
Aisee! 1932 au 1933. Hapo bibi anaingia vizuri kabisa. Asante kaka.

#16 Mwanaardhi
Hesabu ya Toronto ni sahihi, na umbo nalo linakubali. Miaka ya thelathini ndipo Uhindini ilipovaa sura tunayoijua: pembe za mviringo, mistari ya kulala inayozunguka jengo, vikingio vya zege juu ya dirisha, mlingoti wa bendera katikati. Kitasa, jengo lako pembe ni kali au imezungushwa?

#17 Kitasa
Ghorofani imezungushwa. Chini ni kali.

#18 Mwanaardhi
Chini kali, juu mviringo? Hapo sasa.

#19 Fundi Chokaa
Hapo sasa kweli. Nenda mahali plasta imebanduka, chini na juu. Usichimbe, angalia palipojibandua penyewe. Chini ukiona jiwe la matumbawe na chokaa nyeupe yenye vipande vya mkaa, na juu ukiona tofali la sementi, basi ni majengo mawili yaliyopandana. Wengi walikuwa na duka la chini tupu, biashara ikikubali wanaongeza ghorofa na kuweka uso mpya. Mwaka ule wa juu unakuwa wa ghorofa na uso, sio wa msingi.

Na angalia vyuma chini ya roshani. Nguzo za chuma za zamani zina jina la kiwanda, ukipangusa kutu unalisoma.

#20 Mzee wa Gerezani
Kwa maneno mengine, chini ni la Mjerumani. Ahsante Fundi.

#21 Bi Tausi
Mzee hakati tamaa, nampenda bure.

Ila tutenganishe mambo. Jengo la enzi ya Mjerumani sio lazima lijengwe na Mjerumani. Mji umeanza kutawaliwa nao 1891 walipohamisha makao kutoka Bagamoyo, na wafanyabiashara wa Kihindi walikuwepo kabla. Sewa Haji Paroo alifariki 1897 akiwa ameshatoa fedha za hospitali hapahapa Dar. Hao ndio waliokuwa wanajenga mitaa ile.

#22 Mrina Asali
Wajerumani Dar walifika 1887, Bi Tausi. Kampuni yao ilifungua kituo mwaka huo. 1891 ni mwaka wa makao makuu.

#23 Bi Tausi
Ndivyo nilivyosema, nimesema kutawaliwa. Kampuni ilikuwa inafukuzana na wenyeji tu hiyo miaka ya mwanzo.

#24 Mwanaardhi
Tukiwa kwenye 1891, mwaka huohuo zilitoka kanuni za ujenzi zilizogawa mji kwa aina ya nyumba. Mashariki, karibu na bahari, nyumba za Kizungu peke yake. Katikati nyumba imara za mawe. Magharibi, za kienyeji. Waliandika "aina ya ujenzi" lakini kila mtu alielewa maana yake ni rangi ya ngozi. Mwingereza akaipokea na kuinyoosha, ndipo tukapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mnazi Mmoja paliachwa wazi makusudi kutenganisha Kariakoo na Uhindini, eti kwa sababu za afya.

Ndiyo maana Kisutu ukuta wa jiwe haushangazi. Hapo jiwe lilikuwa sharti.

#25 Kinyonga wa Ilala
Hapa ndipo huwa naudhika. Kila uzi wa historia ya majengo ni Kisutu, Posta, kanisa la Mtakatifu Yosefu, Ocean Road. Sisi wa Kariakoo, Ilala na Magomeni hatukujenga? Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita imelaza nusu ya mji huu kwa karne nzima na hakuna anayeandika mwaka wake popote.

Nani anajua kwa nini ilikuwa vile? Baraza mbele, mlango wa kati, ukumbi mrefu, vyumba vitatu huku vitatu kule, ua nyuma, jiko, stoo na choo. Nyumba ya babu Mtaa wa Narung'ombe ilikuwa hivyo, ya jirani hivyo, ya mtaa wa pili hivyo.

#26 Ng'ambo Asilia
Rahisi. Imetoka kwetu Ng'ambo, Unguja. Waliohamia Dar na Majid walikuja nayo.

#27 Fundi Chokaa
Mimi nasema boriti. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu hauzidi mita tatu hivi, na chumba kikawa upana huo. Hata majumba ya mawe ya Lamu na Unguja vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu hiyohiyo. Ukitaka nyumba pana unaongeza vyumba, hauongezi upana wa chumba.

#28 Dalali Msomi
Nimerudi. Hapa nina uhakika: kodi! Ukumbi wa katikati maana yake kila chumba kina mlango wake bila kupita kwa mwenzako. Mwenye nyumba analala chumba cha mbele, vitano anapangisha. Ile ni mashine ya kodi, wala msitafute mambo ya Lamu. Makuli wa bandarini na wafanyakazi wa reli walikuwa wanataka chumba, hawakutaka nyumba.

#29 Mwanaardhi
Dalali safari hii umeongea. Ila boriti ya Fundi ina swali: nyumba nyingi za Kariakoo hazikuwa na dari ya boriti kabisa. Ilikuwa fito na udongo, paa la makuti, baadaye madebe ya mafuta ya taa yaliyofunguliwa na kunyooshwa, ndipo mabati. Chumba hakikubeba sakafu juu yake, kwa nini upana ubanwe?

Mimi ningeanza na kiwanja. Mjerumani alinunua shamba la mlowezi akapima mitaa ya Kariakoo iliyonyooka karibu na 1913 na 1914, vita ikamkatiza. Ukimpa mtu kiwanja chembamba kirefu, atajenga nyumba nyembamba ndefu.

#30 Ng'ambo Asilia
Ng'ambo hakukuwa na viwanja vya Mjerumani na nyumba ni zilezile. Nangoja.

#31 Kinyonga wa Ilala
Msiache hii ya kiwanja bila kutaja jina la mtaa wangu. Narung'ombe, Mahiwa, Tandamti: hayo ni mapigano ya kusini, mkoa wa Lindi, mwaka 1917. Mwingereza alipiga kambi ya wapagazi wake Kariakoo alipouteka mji Septemba 1916, vita vilipokwisha akaita mitaa kwa vita vyake. Babu alikuwa akisema tunalala juu ya makaburi ya majina.

#32 Mrina Asali
Tandamti siku hizi ni Mshume Kiyate. Na Kipata ni Kleist Sykes.

#33 Mtunza Kabrasha
Hiyo ya majina ya mitaa ndiyo inayowaangusha watafiti wengi, nashukuru imetajwa. Nimeshinda sana kwenye nyaraka, hivyo Kitasa chukua haya.

Kwanza, orodhesha majina yote mtaa wako uliyowahi kubeba. Ukitafuta "Samora" kwenye kabrasha la 1935 utatoka mikono mitupu, lazima utafute Acacia Avenue. Ikawa Independence Avenue, ndipo Samora. Uhuru ilikuwa Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street. Sokoine Drive ilikuwa City Drive. Bibi Titi ilikuwa UWT.

Pili, achana na namba ya mlango, tafuta kitalu na kiwanja. Namba za milango zinabadilika, kiwanja kinabaki, au kinagawanywa na mgawanyo wenyewe unaandikwa.

Tatu, hati haikupi mwaka wa jengo. Hati ni ya ardhi. Lakini isome vizuri: kama kiwanja kilikuwa cha umiliki wa moja kwa moja tangu enzi ya Mjerumani, sheria ya 1963 ilikigeuza kuwa cha kupangishwa na serikali kwa miaka 99. Ukikuta miaka 99 inayoanza 1963, kiwanja hicho huenda kilimilikishwa zamani sana. Ukikuta kilitolewa na Mwingereza kwenye miaka ya ishirini au thelathini, habari za Mjerumani zinapungua nguvu.

Nne, Nyaraka za Taifa pale Upanga wana makabrasha ya Kijerumani. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Jiandae.

Tano, picha. Walther Dobbertin alikuwa mpiga picha hapa Dar kabla ya vita ya kwanza. Picha zake nyingi ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani na zinaonekana mtandaoni bure. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt nayo ina hazina ya picha za makoloni. Tafuta mtaa wako, hata kama jengo limekaa pembeni ya picha nyuma ya punda.

#34 Dalali Msomi
Nilienda ofisi moja kuulizia kabrasha la kiwanja, wakaniambia nije na barua, nikaja na barua, wakasema kabrasha limetoka. Limetoka kwenda wapi? Kunywa chai?

#35 Jogoo la Shamba
Wamekuona dalali, wamelificha.

#36 Kisutu Mpaka Toronto
Naongezea chanzo ambacho hakimo ofisini. Sheria ya 1971 ilichukua nyumba za kupangisha zilizozidi thamani ya shilingi laki moja. Familia nyingi zilifunga mizigo, na karatasi zikafungwa kwenye mizigo. Michoro, risiti za sementi, picha ya siku ya ufunguzi na babu amevaa kilemba: viko kwenye masanduku Toronto, London, Leicester. Watoto hawajui ni nini na wanatupa. Nyumbani kwetu kulikuwa na mchoro wa jengo letu uliochorwa kwenye kitambaa, mama alishonea mto.

#37 Bi Tausi
Alishonea mto! Mungu wangu.

Lakini kaka, na mimi niseme. Kwa sisi tuliopata chumba baada ya 1971, yale majengo ndiyo yalitulea. Nyumba ilibadilika mikono, nayo ni historia yake. Mkiandika msiishie kwa aliyeweka jina juu.

#38 Kisutu Mpaka Toronto
Sina ugomvi na hilo, dada. Yote yaandikwe.

#39 Shabiki wa Zege
Mbona hamgusi waliochora? Mnataja Wajerumani na Waingereza tu. Soko la Kariakoo lile lenye miavuli ya zege lilijengwa miaka ya sabini na hakuna anayelisema.

#40 Mwanaardhi
Lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika ukanda huu, alisomea Israel. Likafunguliwa 1975. Ile miavuli inakusanya maji ya mvua na kupitisha hewa. Liliungua Julai 2021. Na Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar mwenye asili ya Goa, alichora mji huu kuanzia miaka ya hamsini, pamoja na kanisa la pamoja la Wakristo pale Chuo Kikuu, Mlimani. Hao wawili peke yao wanataka uzi wao.

#41 Shabiki wa Zege
Fungua huo uzi basi.

#42 Kitasa
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Nimefanya alivyosema Fundi. Chini, nyuma ya bomba, plasta imebanduka: matumbawe na chokaa, vipande vya mkaa vimo. Juu, upande wa ngazi: tofali la sementi. Chini ya roshani nimepangusa kutu, chuma kimeandikwa DORMAN LONG.

#43 Fundi Chokaa
Dorman Long ni Middlesbrough, Uingereza. Roshani ni ya wakati wa Mwingereza. Inakaa na 1932.

#44 Mrina Asali
Sio lazima. Chuma kilikuwa biashara. India utakuta nguzo za Burbach za Ujerumani ndani ya majengo yaliyojengwa chini ya Mwingereza. Mfanyabiashara alinunua cha bei nzuri, hakuuliza bendera.

#45 Fundi Chokaa
Baada ya Mwingereza kuuteka mji chuma cha Kiingereza ndicho kilichojaa bandarini. Nimebomoa, nimeona.

#46 Mrina Asali
Na mimi nimeona Burbach Mombasa. Tuendelee?

#47 Mwanaardhi
Tuweke yalivyo. Ghorofa ya chini ya matumbawe haina mwaka. Ya juu, pembe ya mviringo, Dorman Long na Samvat 1989 vinakwenda pamoja. Kigae cha Basel Mission kinaweza kuwa paa la zamani lililoshushwa na kurudishwa juu ya ghorofa mpya, au kimenunuliwa kwingine. Hayo mawili hayatofautishiki kwa kipande kimoja. Kitasa, fundi wa paa aone vigae vingine: vyote ni vya kiwanda kimoja au mchanganyiko? Paa la asili huwa la sare. Paa la mitumba lina mihuri ya kila aina.

#48 Kisutu Mpaka Toronto
Kitasa amenitumia picha. Mstari wa juu ni Kigujarati, nusu imezibwa. Ninachosoma kinaanza na "Shri", kisha jina, kisha neno linalofanana na "nivas", yaani makazi. Lakini mwisho kuna herufi mbili zinazoweza kuwa sehemu ya "dharmashala". Kama ni hivyo, halikuwa duka na nyumba, lilikuwa mahali pa wasafiri wa jamii kulala, na mwaka unaweza kuwa wa kuanzishwa kwa wakfu, sio wa ujenzi.

#49 Dalali Msomi
Kumbe tunaweza kuwa na mwaka wa nne.

#50 Mzee wa Gerezani
Wasafiri walilala wapi kabla ya ghorofa? Chini. Chini ni la nani?

#51 Jogoo la Shamba
Mzee tumekuachia ghorofa ya chini, sisi tunachukua ya juu. Hati tutagawana.

#52 Fundi Chokaa
Kitasa, usikwangue hiyo rangi kwa brashi ya waya wala msasa, herufi za plasta zitaondoka na rangi. Pigia picha jua la asubuhi au la jioni linapopita kwa upande, kivuli kitaonyesha umbo la herufi lililo chini ya rangi. Piga kutoka ghorofa ya jengo la mbele, sio kutoka barabarani.

#53 Kitasa
Jengo la mbele ni lile jipya la ghorofa nyingi, mlinzi wake mkali. Nitajaribu Jumapili.

#54 Kinyonga wa Ilala
Na sisi wa fito na udongo? Nyumba ya babu inauzwa, wanunuzi wanataka kiwanja tu. Hakuna muhuri wa chuma, hakuna kigae, hakuna Samvat. Naanzia wapi?

#55 Mwanaardhi
Anza kuichora kabla haijauzwa. Utepe wa kupimia, karatasi, mtu wa kushika upande wa pili. Pima kila chumba kwa ndani, kona kwa kona pia, maana vyumba vile havina pembe mraba. Pima unene wa ukuta kwenye mlango. Usisahau ua: kisima au bomba, jiko lilipokuwa, choo, mti. Kisha kaa na wazee wa mtaa uwaulize nani alilala chumba kipi na kwa kodi ngapi, lini makuti yaliondoka na lini umeme uliingia.

Ukimaliza nipime ukumbi wako, unaweza kunisaidia kumjibu huyu wa Ng'ambo.

#56 Ng'ambo Asilia
Nami nitapima wa bibi yangu huku Ng'ambo. Tuweke dau, sahani ya urojo.

#57 Kinyonga wa Ilala
Mita moja na nusu kasoro, ukumbi wa babu. Nimepima sasa hivi, sina wa kunishikia upande wa pili, nimetumia jiwe.